Kalamu Nyekundu na Sikio la Mwalimu: Haja ya Mafunzo ya Huduma ya Mapema ya Afya ya Akili Shuleni

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama ukiwa kichwani mwa mwingine huuona mwepesi, hata akashangaa mbebaji anapoyumba. Methali hii hufundishwa shuleni kila mwaka, hukaririwa na kutungiwa visa. Hata hivyo, ni nadra kwa mwalimu anayeifundisha kujiuliza kama mwanafunzi aliye mbele yake ameubeba mzigo wa aina hiyo asubuhi ile ile.

Chukulia mfano wa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa karibu na Mogogosiek, eneo la Konoin katika kaunti ya Bomet. Ni jioni, ukungu umeanza kushuka juu ya majani ya chai, na mezani pana rundo la daftari. Wanafunzi waliagizwa watunge kisa kitakachodhihirisha maana ya methali "Mchumia juani hulia kivulini". Katika daftari la ishirini, binti wa kidato cha pili ameiacha methali njiani. Mhusika wake hachumi wala hali. Halali usiku, amechoka kabla ya siku kuanza, na anadhani nyumbani kwao pangekuwa na amani zaidi kama asingekuwepo. Mwalimu anasahihisha ngeli mbili zilizokosewa, anaandika "Umetoka nje ya mada" kwa wino mwekundu, anatoa alama 7 kwa 20, kisha anachukua daftari la ishirini na moja.

Kwa mujibu wa mwongozo wa kusahihisha, mwalimu huyu hana kosa. Ametenda alivyofundishwa, na kosa liko katika kile ambacho hakufundishwa. Makala haya yanadai kwamba mafunzo ya kutoa huduma ya mapema ya afya ya akili yanapaswa kuwa sehemu ya lazima ya maandalizi ya kila mwalimu, kwamba mwalimu wa Kiswahili ana sababu za pekee za kuyapokea mwanzo, na kwamba mafunzo hayo hayatafaa kitu vijijini iwapo yataendelea kutolewa kwa lugha ambayo mwanafunzi hailii.

Mtoto wa Nchi ya Chai

Mandhari ya Kericho na Bomet humhadaa mgeni. Kijani kinachotanda kutoka kilima hadi kilima humfanya adhani kwamba hapana dhiki mahali palipo na rutuba na mvua ya mwaka mzima. Wenyeji wanajua vingine. Wakulima wadogo wanaopeleka majani katika kiwanda cha Mogogosiek, ambacho ni mojawapo ya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, hutegemea malipo ya kila mwezi kwa kilo na bonasi ya kila mwaka. Bonasi hiyo ndiyo karo, ndiyo sare, ndiyo deni la dukani. Ilipopungua sana mwaka 2025 katika viwanda vingi vya magharibi mwa Bonde la Ufa, wakulima waliandamana. Waliozungumziwa magazetini ni wazazi. Mtoto aliyesikia mabishano ya usiku kuhusu nani atarudi shuleni na nani atabaki nyumbani hakuwa na mtu wa kumhoji.

Kwa upande wa mashamba makubwa, mashine za kuchumia chai zimeendelea kuchukua nafasi ya mikono ya watu, na hasira iliyotokana na hali hiyo ilionekana mwezi Mei 2023 mashine zilipoteketezwa huko Kericho. Mchumaji anapopoteza kazi, mara nyingi hupoteza pia nyumba ya kampuni, na mtoto wake hupoteza shule na marafiki kwa siku moja. Aidha, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafurusha wafanyakazi wengi katika mashamba hayo hayo. Waliokuwa na umri wa miaka minane wakati ule sasa wamepita miaka ishirini na mitano. Baadhi yao ni wazazi, na baadhi yao ndio walimu. Kwa hivyo, anapozungumziwa mwalimu atakayemsikiliza mtoto, isisahaulike kwamba huenda mwalimu mwenyewe hajawahi kusikilizwa.

Isitoshe, kuna suala la uanaume. Mvulana wa Kipsigis anayetoka jandoni likizo ya Desemba hurudi darasani Januari akiwa mtu mwingine machoni pa jamii. Amefunzwa kustahimili, na ustahimilivu ni johari. Lakini mvulana huyo akifiwa, akionewa au akianza kuusikia moyo wake ukizama, atamwendea nani? Kulia mbele ya mama ni aibu, kumweleza mwalimu wa kike ni aibu zaidi, na wenzake nao wamefunzwa yale yale. Hunyamaza, na kimya hicho huandikwa katika ripoti ya muhula kuwa ni ukaidi, uvivu au ulevi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Uchunguzi wa kimataifa umebainisha kwamba takriban thuluthi moja ya matatizo haya huanza kabla ya miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Katika darasa la wanafunzi 49, wastani huo ni wanafunzi saba. Wengi wao hawatafika kwa daktari wa magonjwa ya akili, kwa kuwa Kenya, taifa lililohesabu watu milioni 47.6 katika sensa ya 2019, lina madaktari wa aina hiyo wachache mno, na wengi wao wako mijini. Mtu mzima ambaye wanafunzi hao wanakutana naye siku tano kwa wiki ni mwalimu.

Sheria Zipo, Masikio Yako Wapi?

Haitakuwa haki kusema kwamba serikali haikuwahi kulifikiria jambo hili. Kitengo cha ushauri na uelekezaji kilianzishwa katika Wizara ya Elimu mwaka 1971, na ripoti ya Gachathi ya 1976 ikalitilia mkazo suala hilo. Mwaka 2001, mwaka ambao moto wa shule ya Kyanguli uliwaua wavulana zaidi ya 60, kiboko kilipigwa marufuku shuleni, na jopo la Wangai lililochunguza migomo ya wanafunzi likasisitiza ushauri nasaha. Katiba ya 2010 ilitambua haki ya kila mtu kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza mwanafunzi kuteswa kimwili au kisaikolojia. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022. Hatimaye, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakiuka Katiba.

Orodha hii ni ya kujivunia. Hata hivyo, mtu akiitazama kwa makini ataona kwamba kiboko kiliondolewa kwa tangazo la siku moja, ilhali ushauri uliokusudiwa kushika nafasi yake hauwezi kuletwa kwa tangazo. Ushauri ni stadi, na stadi hufunzwa. Katika shule nyingi, mwalimu mshauri huteuliwa kwa sababu ana sura ya upole au kwa sababu anafundisha somo la dini. Hupewa cheo na pengine chumba, ambacho mara nyingi ni ghala la vitabu pia. Vipindi vyake havipunguzwi. Siku mwanafunzi anapobisha hodi, mwalimu humpa kile alicho nacho, nacho ni mawaidha. Humwambia ajikaze, asali, awafikirie wazazi wanavyohangaika, na akumbuke kwamba wapo wenye shida kubwa kuliko zake. Mwanafunzi hushukuru kwa adabu, hutoka, na hajirudii tena.

Jambo la kusikitisha ni kwamba shule hiyo hiyo ina sanduku la huduma ya kwanza. Mwalimu anajua cha kufanya mwanafunzi anapovunjika mkono uwanjani. Anajua kwamba kazi yake ni kuutuliza mkono ule na kumfikisha mwenye mkono hospitalini, na hakuna anayemtaka awe daktari wa mifupa. Hapana sababu ya kutofuata mantiki hiyo kwa moyo uliovunjika.

Mafunzo ya Aina Gani?

Wazo kwamba mtu wa kawaida anaweza kufunzwa kutoa huduma ya kwanza ya afya ya akili si geni. Kozi ya namna hiyo ilianzishwa nchini Australia mwaka 2000 na Betty Kitchener pamoja na Tony Jorm, kisha ikaenea katika nchi nyingi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu waliokumbwa na maafa, ambao kiini chake ni mambo matatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kutazama ni kutambua nani ameumia na kama kuna hatari. Kusikiliza ni kumpa nafasi aseme bila kumhukumu wala kumkatiza. Kuunganisha ni kumfikisha kwa mtu au mahali pa kumsaidia zaidi.

Afrika haikubaki nyuma. Huko Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina nyanya wa mtaa wa Mbare mjini Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja kwa wakati mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. La kuvutia kwa mwanaisimu ni kwamba nyanya hao hawakuanza na jina la ugonjwa kutoka kitabuni. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, neno ambalo mgonjwa alikuwa nalo tayari kinywani.

Nchini Kenya kwenyewe, Tom Osborn na wenzake walianzisha mpango walioupa jina la Kiswahili, Shamiri. Vijana waliomaliza shule ya upili hivi karibuni hupewa mafunzo mafupi, kisha huongoza vikundi vidogo vya wanafunzi kwa vikao vinne vya saa moja. Hawazungumzii ugonjwa. Wanazungumzia uwezo wa mtu kubadilika na kukua, shukrani, na maadili ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowahusisha wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi, waliopitia vikao hivyo walipata nafuu zaidi ya wenzao waliofundishwa stadi za kusoma. Ikumbukwe kwamba waliotoa huduma hiyo walikuwa vijana wa rika la wanafunzi wa chuo kikuu, si wataalamu wenye shahada za uzamifu.

Hata hivyo, si kila linaloitwa mafunzo hufaa. Nchini Uingereza, utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2022, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000, ulichunguza walimu waliofunzwa kuwafundisha wanafunzi wote mbinu za utulivu wa akili. Wanafunzi hao hawakupata manufaa zaidi ya wale walioendelea na masomo ya kawaida ya stadi za kijamii na hisia. Funzo linalopatikana hapo ni kwamba somo jipya linalohutubiwa darasa zima si sawa na sikio linalotegwa kwa mwanafunzi mmoja. Kadhalika, warsha ya siku moja hotelini, yenye chai, mandazi na cheti, haimbadilishi mwalimu. Mafunzo yafaayo hurudiwa, huigizwa kwa vitendo, na humpa mwalimu mtu wa kumpigia simu anapokwama.

Kwa muhtasari, mwalimu anahitaji mambo matano. Kwanza, kuzitambua dalili: kubadilika ghafla kwa tabia, kujitenga, kuporomoka kwa alama, maumivu ya kichwa na tumbo yasiyoonekana na muuguzi, na maneno ya kukata tamaa. Pili, kuuliza. Tatu, kusikiliza bila kukimbilia mawaidha. Nne, kuijua mipaka yake na njia za rufaa, kuanzia kituo cha afya hadi hospitali ya kaunti, pamoja na nambari 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo. Tano, kuitunza afya yake mwenyewe.

Katika mji mdogo, suala la siri lina uzito wa pekee. Mwalimu, mzazi wa mwanafunzi na shangazi yake huenda wakakutana kwenye kituo kimoja cha kupimia majani kabla ya saa mbili asubuhi. Neno moja likimponyoka mwalimu, litafika nyumbani kabla ya kikapu. Mafunzo sharti yamfunze kutunza siri, na vilevile yamfunze siri isiyotunzwa: pale uhai wa mtoto unapokuwa hatarini, au anapodhulumiwa, mwalimu analazimika kumtafutia ulinzi na anapaswa kumweleza hivyo mapema. Ahadi ya "sitamwambia mtu yeyote" haifai kutolewa na mtu mzima asiyejua atakachoambiwa.

Kwa Nini Mwalimu wa Kiswahili?

Somo la Kiswahili lina kitu ambacho hesabu na kemia hazina. Humwamuru mwanafunzi aseme. Insha, barua ya kirafiki, shajara na kisa cha kubuni ni milango ambayo ratiba ya shule yenyewe imeifungua. Mtoto asiyeweza kubisha kwenye chumba cha ushauri kwa kuchelea wenzake watamwona, anaweza kumkabidhi mwalimu daftari pamoja na daftari nyingine 48 bila mtu kushuku.

Bila shaka si kila insha ya huzuni ni kilio. Mwanafunzi ana haki ya kubuni, na mwandishi chipukizi anaweza kumuua mhusika wake akiwa na furaha tele. Mwalimu anayeigeuza kila tanzia kuwa kesi ataifisha sanaa na kuwafunza wanafunzi kuandika uongo mtamu. Ndiyo maana mafunzo yanahitajika, ili ajue tofauti na, asipoijua, aulize. Swali lenyewe si gumu: "Nimeisoma insha yako, na huyu msichana amenigusa. Je, kuna mahali mnafanana?" Na jibu likiwa zito, aulize kwa uwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumpa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu, likiwemo Shirika la Afya Duniani, wanasema sivyo. Swali la upole humpunguzia mtu upweke wa jambo analolifikiria peke yake.

Hapa ndipo idara za Kiswahili vyuoni zinapopaswa kujitazama. Riwaya za Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika ya 1971 na Kichwamaji ya 1974, huchambuliwa semina baada ya semina. Rosa na Kazimoto wote wawili huishia kujitoa uhai. Wanafunzi huandika kurasa nyingi kuhusu udhanaishi, ukengeushi na migongano ya kitabaka, nao hupata alama za juu. Miezi michache baadaye, mwanafunzi huyo huyo hupelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na mbele yake huketi Rosa mwenye umri wa miaka 16, aliye hai bado. Fasihi imemwandaa kueleza kwa nini Rosa alikufa, lakini haikumwandaa kumwambia, "Keti, mwanangu, nakusikiliza."

Lugha ya Maumivu

Pamoja na hayo, kuna kazi ambayo haiwezi kufanywa na wanasaikolojia peke yao. Maneno yanayotumika kuhusu afya ya akili katika Kiswahili cha kila siku yanaumiza. Wazimu, kichaa, mwehu na punguani ni matusi kabla ya kuwa maelezo. Neno wazimu lenyewe lina undugu na mzimu, na humweka mgonjwa mikononi mwa pepo hata pale msemaji asipokusudia. Mtoto akijua kwamba akisema ukweli ataitwa kwa mojawapo ya majina hayo, atachagua kuumwa na tumbo.

Kwa upande mwingine, istilahi za kitaalamu bado zinayumba. Hali moja huitwa sonona katika kitabu hiki, unyogovu katika gazeti lile, mfadhaiko redioni, na msongo wa mawazo katika hotuba ya waziri, ilhali msongo na sonona si kitu kimoja. Mwalimu aliyefunzwa kwa Kiingereza, akarudi Mogogosiek kuzungumza na nyanya anayemlea mwanafunzi, huligundua pengo hilo mlangoni. Nyanya huyo huzungumza Kikipsigis, na Kiswahili ndicho daraja kati yake na mwalimu aliyetoka Kisii, Kakamega au Makueni.

Hata hivyo, Kiswahili si maskini wa lugha ya maumivu. Kina moyo mzito na roho kukata tamaa. Kina kusononeka, kuemewa, kulemewa, kufa moyo. Kina "nina mawazo", usemi unaokaribiana sana na ule wa nyanya wa Harare. Vilevile, jamii zenyewe zina asasi za kuanzia. Wakipsigis wana motiriot, mlezi wa vijana katika jando, ambaye heshima yake hudumu maishani. Mlezi kama huyo akishirikishwa katika mafunzo, neno lake kwamba mwanamume anaweza kuomba msaada litapokelewa kuliko mabango kumi ya wizara.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba mwalimu amelemewa tayari. Ni kweli. Vidato vimejaa, sekondari ya msingi iliyoanza mwaka 2023 imeongeza mahitaji ya walimu, na mishahara haitoshi. Lakini mwalimu hana hiari ya kukutana au kutokutana na mwanafunzi mwenye dhiki. Hukutana naye kila siku, na hiari iliyopo ni kama atakuwa na maarifa au hatakuwa nayo. Anayejua mipaka yake hubeba mzigo mwepesi kuliko anayedhani ni lazima autatue mwenyewe. Haki inadai pia kwamba mwalimu mshauri apunguziwe vipindi, na hilo ni jukumu la mwajiri wake.

Wengine watahofia kwamba mtu asiye mtaalamu anaweza kudhuru. Hofu hii ina msingi, ila inamhusu zaidi mwalimu asiyefunzwa, ambaye hivi sasa anatoa ushauri kila siku. Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya kigeni na kwamba zamani watoto waliishi bila wanasaikolojia. Zamani hizo mtoto alikuwa na babu, nyanya, somo na kungwi, na nyumba ya jirani ilikuwa nyumba yake. Watu hao walipopungua karibu naye, shule ndiyo iliyobaki.

Hitimisho

Yapo mambo manne yanayoweza kuanza bila kungoja bajeti ya taifa. Idara za Kiswahili na vitivo vya elimu ziingize mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili kabla ya mazoezi ya kufundisha, kwa vitendo na kwa Kiswahili. Wahadhiri wa isimu, wakishirikiana na wanasaikolojia, wasanifishe istilahi chache za lazima na kuandaa mwongozo mfupi unaosomeka na mzazi. Vyama vya wanafunzi, ambavyo kila mwaka huandaa makongamano na tamasha, viupeleke mwongozo huo katika shule za vijijini, zikiwemo za nchi ya chai. Na wanaofundisha usahihishaji wa insha waongeze kipengele kimoja kisicho na alama: kama maandishi yanamtia msomaji wasiwasi kuhusu mwandishi, daftari lirudishwe kwa mkono, faraghani, na kwa swali.

Mchumaji wa chai wa Mogogosiek hupita kwenye mistari ile ile kila baada ya siku chache kwa sababu anajua kwamba majani mawili na chipukizi hayamngojei. Akichelewa, jani hukomaa na kukataliwa kituoni. Ujuzi huo hakuupata katika chuo kikuu. Alifunzwa na aliyemtangulia, akausahihisha mkono wake kwa mazoezi hadi jicho likazoea. Mwalimu naye anaweza kufunzwa hivyo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Binti wa daftari la ishirini bado yuko darasani, daftari lake limefunguliwa ukurasa mpya, na juma lijalo atapewa insha nyingine.